Mgika Hapandi Basi

Mzee Mihayo Bujiku alianza mazoezi Jumatatu, na kufikia Jumatano mtaa mzima wa Kambarage ulikuwa umeshaamua kwamba amefilisika. Ndivyo tulivyo sisi watu wa Shinyanga mjini. Mtu mzima akionekana alfajiri juu ya baiskeli, hana kuku wa kupeleka sokoni wala dumu la maziwa, hatuulizi, tunahukumu. Eti ameuza pikipiki. Eti watoto wamemtupa. Pikipiki ilikuwa ndani, imefunikwa turubai, na mwanawe Donatus alikuwa anatuma matumizi kila mwezi bila kukumbushwa. Lakini nani ataanza kuwaeleza watu mlango kwa mlango?

Alikuwa na miaka sitini na saba. Baiskeli yenyewe ni Phoenix nyeusi ya ujana wake, ambayo ilikaa stoo miaka mingi ikitagiwa mayai. Fundi Gregory aliifungua yote, akabadilisha mnyororo, matairi na breki, akaipaka grisi. Mzee hakuingia nayo barabarani moja kwa moja. Kwanza aliisimamisha uani kwenye stendi yake, gurudumu la nyuma likawa linaning'inia, akapanda na kukanyaga pedeli bila kwenda popote. Alikanyaga mpaka shati likaloa mgongoni.

Mkewe, Justa, alikuwa anapepeta choroko karibu na jiko.

"Baba Donatus, umefika wapi sasa?"

"Old Shinyanga."

"Haya. Wasalimie."

Sababu ya yote hayo ilikuwa Makoye.

Makoye aliishi Nyarugusu, huko Geita kwenye machimbo ya dhahabu, na alikuwa rafiki wa Mihayo tangu wote wawili hawajaota ndevu. Wiki moja kabla ya mazoezi kuanza, Lusia, binti wa Makoye, alipiga simu. Baba ana presha ya macho, alisema. Jicho moja limeshakwisha, la pili linakwenda. Daktari amesema dawa inachelewesha tu, haiponyi. Lusia alikuwa bado anaeleza, Makoye akamnyang'anya simu.

"Mgika!"

"Naam, Mgalu."

"Njoo nikuone kabla taa haijazima."

"Nakuja. Hata kesho nakuja, basi si lipo?"

"Mayo wane! Mgika anapanda basi?" Makoye alicheka mpaka akakohoa. "Sikiliza nikwambie. Ukiingia kwangu kwa basi, nafumba macho. Nafumba yote mawili, zima na bovu. Nataka nikuone unaingia kwa baiskeli kama zamani, kengele inalia tangu kule mtoni. Au umezeeka?"

"Mimi nizeeke? Utaniona kwa baiskeli."

"Haya, tutaona."

Mtu wa mbali angesema ni mzaha wa wazee wawili, na angekuwa sahihi. Ila Usukumani mzaha wa namna hiyo una mizizi. Wagika na Wagalu ni vyama vya ngoma tangu enzi za mababu. Baada ya mavuno wanacheza uwanja mmoja, hawa huku na hawa kule, na watazamaji wanahamia upande uliowafurahisha, mpaka jioni upande mmoja unabaki unacheza peke yake, na aibu juu. Mgalu akimtupia Mgika neno, neno hilo haliachwi chini. Mihayo na Makoye walishaacha ngoma siku nyingi, wakabatizwa, wakaoa kanisani, lakini neno la upande wa pili waliendelea kuliokota hivyohivyo. Mihayo alikata simu huku anacheka, akaenda stoo kuwafukuza kuku.

"Panda basi kesho asubuhi," Justa alimwambia siku hiyohiyo. "Mwenzako anapoteza macho."

"Wewe hujui mambo ya ngoma."

"Mimi? Niliyezaliwa kwa Wagalu, nisijue mambo ya ngoma?"

"Ndiyo maana unataka nishindwe."

Justa alimtazama mumewe, akaona anasema kweli kabisa, akarudi kwenye choroko zake.

Baada ya siku chache za kukanyaga hewa, Mihayo aliingia barabarani. Siku ya kwanza alifika Ibinzamata akarudi anatetemeka miguu, akalala mchana kutwa. Kesho yake akapita pale kidogo. Halafu akaanza kufika Old Shinyanga na kurudi kabla jua halijawa kali. Justa, ambaye alikuwa hakubaliani na jambo lenyewe, alimchemshia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kumkaangia karanga, akamwekea maziwa mgando, na jioni akamkanda miguu kwa samli ya ng'ombe, analalamika mwanzo hadi mwisho. Vijana wa bodaboda pale stendi walimzoea. "Mzee, tukuvute kwa kamba?" walimpigia kelele. "Kwanza mtafute pumzi zenu," naye aliwajibu, na kweli alikuwa na pumzi ya kujibia.

Ng'ombe hazeeki maini. Mwili ulianza kurudi, na pamoja na mwili vikarudi vitu vingine. Akiwa peke yake barabarani asubuhi, mashamba ya pamba pande zote, Mihayo alisikia harufu ya umande kwenye majani makavu, akamkumbuka Makoye akiwa mbele yake na magunia mawili ya mchele kwenye keria, fulana imetoboka bega, anaimba kumtukana. Enzi hizo walipeleka mchele Nyarugusu kwa wachimbaji, wale wanaapolo waliokuwa wakitoka shimoni na njaa, hawaulizi bei. Hapakuwa na lami. Ulikuwa mchanga mtupu, na mahali pengine baiskeli yenye mzigo ilisukumwa zaidi ya kuendeshwa. Walilala Kharumwa kwa mama mmoja muuza uji, wakaamka misuli imekaza, wakaanza upya. Wa kwanza kufika alikula kichwa cha samaki. Wa mwisho alichota maji na kuosha sufuria. Makoye aliosha sufuria mara nyingi kuliko alivyokubali, na Mihayo naye hivyohivyo.

Asubuhi moja alisimama peke yake karibu na mto uliokauka, mguu mmoja chini, akalia kidogo. Hakuwa na huzuni. Alikuwa na furaha ambayo hakuitegemea kuipata tena katika umri ule. Tuseme kweli: kuanzia siku ile hakuwa anajiandaa kwa ajili ya macho ya Makoye peke yake. Alizipenda asubuhi zile, na mtu anayependa maandalizi hana haraka ya kuondoka.

"Lini sasa?" Justa aliuliza.

"Bado kidogo. Sitaki kufika nimevunjika, anicheke."

Jumapili baada ya misa alikuja Theonest, mwenyekiti wa jumuiya, akiwa na kina mama wawili. Waliketi sebuleni, wakakataa chai, wakakubali chai. Theonest alisafisha koo.

"Baba Donatus, sisi kama jumuiya ni ndugu. Tumesikia una mgonjwa Geita, na tumeona... tumeona unavyohangaika na baiskeli. Kila mtu anapitia vipindi." Akaweka bahasha juu ya kitambaa cha meza. "Ni nauli tu. Ya kwenda na kurudi. Msijisikie vibaya."

Kina mama walitazama sakafu kwa heshima. Justa alihisi masikio yanawaka. Miaka yote ile yeye ndiye aliyepitisha kikapu cha michango ya wengine, yeye ndiye aliyejua kusema "msijisikie vibaya" kwa sauti ileile ya chini.

"Nauli ninayo," alisema Mihayo.

"Tunajua, tunajua," alijibu Theonest, kwa namna ya mtu ambaye hajui.

"Pikipiki ninayo pia. Iko chumba cha pili. Nikuoneshe?"

"Hapana, mzee wangu, si lazima."

"Mama Donatus, mfunulie turubai aione!"

Justa hakuinuka. Alichukua bahasha kwa mikono miwili, akashukuru, akaomba jumuiya iipeleke kwa mjane wa jirani ambaye paa lake lilikuwa linavuja. Wageni walipotoka aliwasindikiza mpaka getini anatabasamu. Aliporudi ndani tabasamu lilikuwa limeisha.

"Umeniaibisha," alimwambia. "Kesho sokoni nitapunguziwa bei ya nyanya kwa kuhurumiwa. Panda basi, Baba Donatus. Nakuomba."

"Nikipanda basi sasa, watasema nimepanda kwa nauli yao."

Jamani, ubishi wa mwanaume ukishapata sababu ya pili!

Kosa lenyewe hasa lilikuwa gunia. Mihayo aligundua kwamba baiskeli tupu inamyumbisha, hasa kwenye upepo. Mtu mwingine angesema ni umri. Yeye alisema ni wepesi. Miguu yake ilijifunza baiskeli chini ya mchele. Maisha yake yote hakuwahi kwenda safari ndefu bila mzigo, na mwili, alimwambia fundi Gregory, unakumbuka kile ulichofundishwa. Gregory alimwambia sasa hivi watu wanafanya mazoezi na baiskeli nyepesi kabisa, hata chupa ya maji wanaihesabu. Mihayo akamwambia hao si Wasukuma. Akajaza gunia mchanga, akalifunga kwenye keria kwa mpira wa tairi, mafundo yale ya zamani, na kwa kweli siku mbili za kwanza baiskeli ilitulia.

Siku ya tatu, karibu na Old Shinyanga, lori lilimpigia honi. Akatoka pembeni, akaingia kwenye mchanga, gunia likahamia upande mmoja, na goti la kulia likabaki chini ya baiskeli. Alirudishwa nyumbani na bodaboda mmoja, wa pili akafuata ameibeba Phoenix mapajani. Goti lilivimba likawa halina umbo. Hakuna kilichovunjika, alisema mganga wa zahanati, ila kaa nalo chini, mzee, usilisumbue.

Akakaa nalo chini. Siku zikapita. Lusia akapiga simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mzee anaendeleaje?"

"Anasema ni kama ukungu. Asubuhi unapungua, jioni unarudi. Anakuulizia. Kila baiskeli ikipita anauliza ni nani."

"Mwambie nimeshaanza kufunga mizigo. Mwambie akae tayari kuosha sufuria."

Justa alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako," alisema.

"Goti linapona. Wiki moja tu."

"Wiki moja ulisema wiki iliyopita."

"Sasa nipande basi na goti bovu, aseme Mgika kashindwa na mchanga wa Old Shinyanga? Hata Solwa sijafika?"

Justa aliingia chumbani. Alitoka na mkoba, amejifunga kitenge chake cha njano, kile cha sikukuu.

"Unakwenda wapi?"

"Nyarugusu. Mimi sina ngoma na mtu. Naenda kumwona shemeji yangu wakati na yeye ananiona. Maharage yako kwenye sufuria nyekundu, funguo kwa jirani, mama Klara." Alisimama kidogo. Alitamani aseme twende wote, na Mihayo alitamani asikie neno hilo. "Usilale na dirisha wazi," alimwambia, akaondoka.

Aliwasili salama na kupiga simu jioni ile. "Ameniona," alisema. "Amesema, shemeji, njano hiyo unataka kuniunguza jicho lililobaki. Njoo, Baba Donatus. Anakusubiri wewe."

Nyumba ilikuwa kimya. Mihayo alikula maharage baridi akiwa amesimama. Alikuwa na wivu, hata akaona haya: mkewe ameonekana, yeye bado. Kesho yake alfajiri alilifunga goti kwa bandeji, akaacha gunia, akaweka michembe na maji kwenye keria, akatoka.

Safari ilikuwa nzuri. Lazima tumpe haki yake. Alipita Old Shinyanga bila kusimama, akapita Solwa, akasalimia kila mtu, "Mwangaluka!" na watu wakamwitikia kwa uchangamfu, na wazee wenzake wakainuka kwenye viti kumtazama. Goti liliuma, lakini lilikuwa linakunjika. Alilala Salawe kwenye nyumba ya wageni, siku ya pili akaendelea polepole, akisukuma penye mchanga kama zamani, na mchana akaingia Kharumwa. Alitafuta kwa yule mama muuza uji. Palikuwa na duka la simu. Akajiambia si neno, amelala Kharumwa mara ngapi, atalala tena, na kesho kutwa Makoye atasikia kengele. Ndiyo kwanza ameagiza soda, simu ikaita.

"Uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Justa, ya chini.

"Kharumwa! Mama Donatus, usingeamini, nimepita..."

"Tangu asubuhi anatuuliza kwa nini hatufungui madirisha."

Mihayo aliisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Madirisha yako wazi," alisema Justa. "Yote. Lusia ameenda nje kulia. Weka baiskeli kwenye gari, mume wangu. Pengine ukungu utapungua tena kidogo. Weka baiskeli kwenye gari, uje."

Mbele yake lilikuwa limesimama basi la Geita, linaunguruma, konda anaita abiria. Mihayo alishika usukani wa Phoenix. Sikuambii mambo yaliyompitia kichwani; ni mtu aliyebakiza njia fupi kuliko aliyoimaliza, na miguu yake, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, ilikuwa tayari. Alimwita konda.

"Baiskeli inalipiwa, mzee."

"Nitalipa."

"Umechoka, eeh?" alisema konda, anaivuta juu ya paa. "Safari za baiskeli ni za vijana. Kaa pale dirishani, babu." Abiria wakacheka kidogo, bila ubaya. Mihayo aliketi dirishani. Njia nzima aliiangalia barabara ikipita, kila mteremko na kila mlima ambao aliwahi kuusukumia mchele. Geita alibadilisha gari, baiskeli ikashushwa, ikapandishwa tena kwenye gari dogo la Nyarugusu. Aliomba Mungu kitu kimoja tu, ukungu upungue.

Lilikuwa jua bado, la saa kumi, jua zuri linalomulika usoni. Makoye alikuwa amekaa kwenye stuli mbele ya nyumba, ameelekea barabarani, amevaa shati safi ambalo Lusia alikuwa amempigia pasi. Alikuwa amekonda. Gari lilisimama mbali kidogo, na Justa akalifuata mbio kabla mumewe hajakanyaga chini.

"Piga kengele," alimnong'oneza, machozi yanamtoka. "Shika baiskeli uje nayo, upige kengele. Hawezi kujua. Mpe hilo, Baba Donatus, mfurahishe."

Baiskeli ilikuwa imeshashushwa, ina vumbi halisi la njiani. Kengele ilikuwa inafanya kazi, Gregory aliitengeneza vizuri. Mihayo aliweka kidole gumba juu yake, akamtazama rafiki yake aliyekuwa ameinua kidevu, anasikiliza. Macho yake yalikuwa wazi kabisa. Hakuyafumba.

"Gari hilo limemshusha nani?" Makoye aliuliza kwa sauti.

Mihayo alimpa Justa baiskeli, akatembea kwa mguu wake mbovu mpaka mbele ya stuli. Akasimama pale, jua mgongoni, uso kwa uso. Makoye alitazama kulia kwa Mihayo kidogo.

"Limemshusha Mgika," alisema Mihayo.

"Mgika gani?"

"Mgika amepanda basi kutoka Kharumwa. Ameshindwa."

Makoye aliinua uso kuelekea sauti ile. Halafu akaanza kucheka, kicheko kilekile, mabega yote, akapiga goti lake. "Lusia! Umesikia? Shemeji, wewe ni shahidi! Wagalu tumeshinda! Basi! Mgika mzima, kwa basi!" Akanyoosha mikono mbele, ikapapasa hewani mpaka Mihayo akapiga magoti na kuileta usoni kwake. Makoye alimshika mashavu, akapanda paji la uso, akafika kwenye nywele.

"Zina mvi?"

"Zote."

"Muongo. Mimi nilikuacha zikiwa nyeusi." Kicheko kilikuwa kinaisha polepole, na mikono haikutoka. "Ulikuwa unafanya nini siku zote hizo, ndugu yangu?"

"Mazoezi. Si ulisema utafumba macho nikija kwa basi?"

"Nilikuwa nakutania, Mihayo."

"Najua."

"Ungeshindwa mapema," Makoye alisema. "Ungeshindwa mapema kidogo tu, ningekuona."